Ndoa hufungwa kwa neno na ridhaa, si kwa mshumaa

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola aliyetuumba kutokana na nafsi moja na akatujaalia wenza ili tupate utulivu kwao. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, katika mji mmoja wa pwani nilialikwa harusi ya watoto wa watu ninaowaheshimu. Ndoa ilifungwa msikitini baada ya swala ya alasiri. Tukala haluwa, tukanywa kahawa, tukaomba dua, tukarudi majumbani kwetu na furaha. Usiku kulikuwa na hafla ukumbini. Mara mshereheshaji akatangaza kwamba mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi wapite mbele, kila mmoja awashe mshumaa wake, kisha maarusi wachukue moto wa mishumaa ile miwili wawashe mshumaa wa tatu, mkubwa kuliko yote, uliosimamishwa katikati. Huo, alisema, ndio mshumaa wa umoja.

Kabla mama wa pili hajaushika mshumaa wake, ami yake bibi harusi akasimama. Akasema kwa sauti kwamba hayo ni mambo ya kanisani, akatoka, na nusu ya meza yake ikamfuata. Upande wa bwana harusi ukaudhika sana. Wao ndio waliogharamia mapambo, na machoni mwao mshumaa ule ulikuwa pambo tu kama yalivyo maua. Miezi ikapita watu hao hawatembeleani. Jambo lililoletwa kuonyesha kwamba familia mbili zimekuwa moja ndilo lililozitenga.

Tangu usiku ule watu wengi wameniuliza ni upande upi uliokuwa na haki. Nami nimekuwa nikijiuliza swali jingine. Katika mzozo ule wote sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza kama mahari yaliyotajwa msikitini yalimfikia mwenyewe. Wala sikumsikia aliyeuliza kama binti yule aliulizwa, na kama jibu lilitoka kinywani mwake. Tuligombania mshumaa, tukayasahau mambo ambayo ndiyo ndoa yenyewe. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

KILA UMMA NA ALAMA YAKE

Kwanza tuwe waadilifu. Mshumaa huo wa umoja si ibada kongwe hata kwa Wakristo wenyewe. Ni desturi iliyoenea Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, na kitabu cha ibada ya ndoa cha Kanisa Katoliki hakiutaji. Baadaye ikaja desturi ya kumimina mchanga wa rangi mbili ndani ya chupa moja, kwa maana kwamba chembe zikishachanganyika hakuna awezaye kuzitenganisha tena. Kwetu mambo haya yameingia kwa njia ya filamu, kisha kanda za harusi, na sasa picha za simu.

Hamu iliyoyazaa mambo hayo, hata hivyo, ni ya kale, nayo imo katika kila umma. Wakristo wa Orthodox huwavisha maarusi mataji, huwanywesha katika kikombe kimoja na huwazungusha meza mara tatu. Wahindu hupiga hatua saba mbele ya moto. Wayahudi huandika hati inayotaja wajibu wa mume kwa mkewe, mume humvisha mke pete, na mwisho huvunjwa bilauri. Mwanadamu anapoingia katika jambo kubwa lisiloonekana kwa macho hutafuta kitu cha kulionyesha. Hilo ni umbile lake, wala si upumbavu.

Waislamu nao hawakutofautiana na wanadamu wenzao katika hilo. Huko Misri, mume na walii wa mke hushikana mikono ya kulia, na kitambaa cheupe hufunika mikono hiyo wakati maneno ya ndoa yanapotamkwa. Huko Uturuki, pete mbili za uchumba huunganishwa kwa utepe mwekundu, na mzee wa familia huukata. Wairani hutandaza kitambaa juu ya vichwa vya maarusi, na wanawake husugua mabonge mawili ya sukari juu yake ili maisha yao yawe matamu. Kwa Waislamu wengi wa Bara Hindi na Afghanistan, maarusi hufunikwa shela moja na kutazamana ndani ya kioo, Msahafu ukiwa mbele yao.

Na sisi wa pwani je? Tunayo kanga ya kisutu ya bibi harusi. Tunayo haluwa ya nikaha, ambayo kipande chake hufungwa kikapelekwa kwa mgonjwa au mzee aliyeshindwa kufika. Tunao mkono wa bwana harusi ndani ya mkono wa anayeozesha, huku watu wote wamenyamaza. Kisha, akishaozeshwa, bwana harusi huingia ndani kumpa mkewe mkono. Wazee wetu walikuwa hata na jina la zawadi inayotolewa hapo, kipa mkono.

PETE NA MSHUMAA

Mafakihi wana kanuni mashuhuri kwamba ada njema ya watu hutegemewa katika hukumu, maadamu haipingani na sharia. Kwa hiyo si kila jambo ambalo halikufanywa Madina ni haramu katika sherehe. Vyakula vyetu, nguo zetu, nyimbo zetu za heshima na mapambo yetu havikuwako huko, na hakuna mwanachuoni aliyetuambia tuviache kwa sababu hiyo. Bibi Aisha (R.A.) alipompeleka bibi harusi mmoja kwa mumewe katika Ansari, Mtume (S.A.W.) aliuliza kama walikuwa na burudani yoyote, kwa kuwa Ansari walikuwa watu wanaopenda burudani. Dini hii haikuja kuwanunia watu siku ya furaha yao.

Mipaka, hata hivyo, ipo. Jambo ambalo ni sehemu ya ibada ya dini nyingine hatulichukui tukaliingiza katika ndoa yetu, kwa kuiheshimu dini yetu na kuiheshimu yao. Jambo lililoharamishwa haliwi halali kwa kuitwa alama ya mapenzi, mathali dhahabu katika kidole cha mwanamume. Na jambo ambalo watu huliaminia nguvu, wakasema kuwa likivunjika ndoa nayo huvunjika, hilo limekwisha kuvuka mpaka.

Kwa pete, wanazuoni wa zama zetu wametofautiana. Wako waliokataza kuvishana pete kwa kuwa ni kuwaiga watu wengine, na wako walioiruhusu pete ya fedha kwa mume iwapo haina itikadi yoyote nyuma yake. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa na pete ya fedha iliyochorwa jina lake, akipigia muhuri barua zake. Mwenye kuona heri ya kuiacha na aiache, wala asimtoe nduguye katika Uislamu kwa pete ya fedha. Na mwenye kuivaa asidhani kuwa chuma au fedha ndiyo inayomlindia mkewe.

Hapa tumkumbuke Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Alilibusu Jiwe Jeusi katika Al-Kaaba, na papo hapo akaliambia kwamba anajua fika kuwa ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba lau asingemwona Mtume (S.A.W.) akilibusu, naye asingelibusu. Ikiwa hayo yalisemwa kwa jiwe lililo katika Nyumba ya Mwenyezi Mungu, itakuwaje kwa mshumaa ulionunuliwa dukani jana?

Basi kwa harusi ile, mimi naona mshumaa ulikuwa haufai, kwani umetoka katika ndoa za dini nyingine, na mwenye kuona hivyo alikuwa na haki ya kuona hivyo. Lakini alikuwa na siku nzima ya kumwita nduguye pembeni na kumwambia kwa upole. Kumwaibisha mama wa watu mbele ya mamia ya wageni si katika kukataza maovu kwa hekima tuliyofundishwa.

FUNDO LA MANENO

Sasa tuje kwenye ndoa yenyewe. Katika Kiswahili husemwa kufunga ndoa. Neno la Kiarabu, akdi, asili yake nayo ni kufunga fundo. Wako watu duniani ambao huwafunga maarusi mikono kwa utepe ili waonekane wamefungamana. Sisi fundo letu hufungwa kwa maneno mawili mafupi. Walii au wakili wake husema amemwozesha, na mume husema amekubali. Kabla ya maneno hayo wawili hao ni watu mbali. Baada yake, kila mmoja ana haki juu ya mwenzake ambazo ataulizwa Siku ya Kiyama.

Mwenyezi Mungu (S.W.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 21, ameiita ndoa ahadi nzito ambayo wake wameichukua kutoka kwa waume zao. Tamko hilo hilo ndilo alilolitumia katika Suratul-Ahzab, aya ya 7, kuieleza ahadi aliyoichukua kutoka kwa Mitume, akiwemo Nuhu, Ibrahimu, Musa na Isa (A.S.). Mwenye kutafuta kitu cha kumtetemesha siku ya harusi yake na alitafakari hilo.

Kwa madhhabu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo iliyoenea pwani yetu, nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko. Zihesabu tena, ndugu msomaji. Hamna pete, hamna keki, hamna ukumbi. Hata mkono ule tunaoupenda sana, wa mume ndani ya mkono wa walii, si nguzo. Lau mikono isishikwe na maneno yakatamkwa sawasawa mbele ya mashahidi, ndoa imesihi. Lau mikono ikashikwa saa nzima na maneno yakakosekana, hakuna ndoa. Alama, hata ikiwa yetu wenyewe, hukaa mahali pake.

MAHARI, PETE YA CHUMA

Yuko mtu aliyefika mbele ya Mtume (S.A.W.) akitaka kuoa, wala hakuwa na kitu. Kisa chake kimepokewa na Sahl bin Saad (R.A.), nacho kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume alimwambia atafute chochote, japo pete ya chuma. Yule mtu akaenda, akarudi hana hata hiyo. Mwisho akaozeshwa kwa sura za Qur'ani alizozihifadhi.

Tazama pete ilivyotajwa hapa. Haikutajwa kuwa pambo la kuonyeshwa wageni. Ilitajwa kuwa ni mali itokayo kwa mume kwenda kwa mke, iwe milki yake, hata kama thamani yake ni ndogo kiasi gani. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 4, waume wameamrishwa wawape wake mahari yao kwa moyo mkunjufu. Wao wenyewe ndio wapewao. Hakutajwa baba, wala kaka, wala ami.

Leo tunaona kinyume chake. Ukumbi hulipwa kabla ya siku, kwani mwenye ukumbi hafungui mlango bila fedha. Mpiga picha hulipwa. Mpambaji hulipwa. Mahari hutajwa kwa sauti msikitini, hupongezwa, kisha hubaki ahadi. Wengine huyapokea wazee, yakanunuliwa vitu vya sherehe, na mwenye haki asione hata senti moja. Wengine husema kwamba kilemba cha baba na mkaja wa mama vimekwisha kutolewa, kana kwamba desturi hizo zinaziba pengo la faradhi. Kilemba na mkaja ni heshima kwa wazazi, na kila mji una taratibu zake. Mahari ni ya mke. Mume akifa hajayalipa, huwa deni katika mali yake, na deni hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote.

Mahari yaliyofika mkononi mwa mke siku ile ile, hata yakiwa machache, humwambia jambo ambalo mishumaa mia haiwezi kumwambia: kwamba mumewe ametamka neno na amelitimiza. Nyumba inayoanza hivyo ina msingi.

SAUTI NYUMA YA PAZIA

Nimefika mahali ambapo ni lazima nijihukumu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana, nilichaguliwa kuwa mmoja wa mashahidi wawili katika ndoa fulani. Tulikwenda nyumbani kwa bibi harusi pamoja na anayeozesha kwenda kusikia idhini yake. Tukasimama ukumbini. Mbele yetu palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia palikuwa na wanawake wengi, vicheko, manukato na udi. Mzee akauliza kama binti ameridhia kuozeshwa na mtu fulani kwa mahari kadha wa kadha. Kukawa kimya. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke mtu mzima: "Amekubali, amekubali, haya nendeni." Vigelegele vikapigwa. Tukarudi msikitini, nikatia sahihi.

Ile haikuwa sauti ya msichana wa miaka ishirini. Nililijua hilo nilipokuwa bado nimesimama pale. Sikusema kitu, kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote, watu walikuwa wanangoja na muda wa swala ulikuwa umekaribia. Ndoa ile imesimama mpaka leo, alhamdulillahi. Lakini kusimama kwake si jibu la swali niliyotumwa kulisikia. Nilishuhudia jambo ambalo sikulisikia, na hadi leo sijui kama yule bibi aliridhia au la.

Watu hunijibu kwamba idhini ya bikira ni kunyamaza kwake. Ni kweli, hadithi hiyo ni sahihi. Mtume (S.A.W.) aliamrisha mwanamke aliyekwisha kuolewa atakwe shauri na bikira aombwe idhini, na masahaba walipomwambia kuwa bikira huona haya, akasema kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Hiyo ni huruma kwa mwenye haya. Lakini kunyamaza ni kwake yeye, baada ya kuulizwa yeye. Sauti ya shangazi si ukimya wa binti. Na kilio cha uchungu, au kugeuza uso kwa mtu aliyekwisha kukataa mara tatu chumbani, hakiwi ridhaa kwa sababu tu hakikutamka neno hapana.

Ni kweli pia kwamba wanazuoni wa madhhabu yetu walimpa baba mamlaka ya kumwozesha binti yake bikira. Lakini waliyawekea masharti mazito: asiwe na uadui wa dhahiri naye, mume awe kufu yake na awe na uwezo wa mahari. Juu ya hayo wakasema kumwomba idhini ni jambo linalopendekezwa. Wenzao wa madhhabu ya Hanafi walisema mwanamke aliyebaleghe haozeshwi bila ridhaa yake. Imamu Bukhari aliweka mlango mzima katika Sahihi yake kueleza kwamba baba au mwingine asimwozeshe bikira wala aliyekwisha kuolewa ila kwa ridhaa zao, na akakipokea kisa cha Bibi Khansa bint Khidham (R.A.), aliyeozeshwa na baba yake naye hataki, na Mtume (S.A.W.) akaivunja ndoa ile. Katika Abu Daud kuna riwaya ya Ibn Abbas (R.A.) kuhusu binti bikira aliyelalamika vivyo hivyo, akapewa hiari.

Sheria za nchi nazo ziko wazi. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 45, imeisimamisha ndoa juu ya ridhaa ya wenyewe. Haifai kabisa Muislamu akasubiri serikali imkumbushe jambo ambalo Mtume wake alilitekeleza Madina.

Hivi karibuni niliombwa tena kuwa shahidi. Safari hii niliwaomba wenyeji, kwa adabu, wanawake wapunguze sauti, na bibi harusi aketi karibu na mlango, kajifunika, na dada yake ubavuni. Alipoulizwa, alilitaja jina la mume, akayataja mahari, akasema: "Nimeridhia, baba anioze." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikitetemeka, lakini ilikuwa yake. Hakuna aliyevunjiwa heshima, na hakukupotea hata dakika tano.

TUFANYE NINI?

Nawausia wazazi wenzangu na vijana wanaotarajia kuoana mambo manne.

La kwanza, kabla kadi hazijachapishwa, pande mbili zikae na zikubaliane nini kitakuwamo katika sherehe na nini hakitakuwamo. Mshereheshaji apewe orodha hiyo, wala asiachiwe kuleta la kwake. Jambo lenye kuzusha ugomvi liachwe, hata kama upande mmoja unaliona dogo. Kuuchunga udugu ni bora kuliko pambo.

La pili, mahari yaandikwe na akabidhiwe mke mwenyewe, au mtu aliyemteua kwa hiari yake, na mashahidi waone. Yakiwa ni ya kulipwa baadaye, tarehe ijulikane.

La tatu, binti aulizwe mapema, siku nyingi kabla ya harusi, na mtu anayemwamini, mahali ambapo anaweza kusema hapana bila ya kuogopa. Kisha siku ya ndoa mashahidi wamsikie yeye. Shahidi asiyesikia na arudi aulize tena. Asifanye kama nilivyofanya mimi.

La nne, walima uwe wa kadiri ya uwezo. Abdul-Rahman bin Auf (R.A.), aliye katika masahaba wakubwa kabisa, alioa na Mtume (S.A.W.) hakuwa na habari mpaka alipoona alama ya manukato ya harusi juu yake. Hakumlaumu kwa kutoalikwa. Alimwombea baraka na kumwambia afanye karamu, japo kwa mbuzi au kondoo mmoja. Sisi leo mtu akikosa kadi hununa mwaka mzima. Na Mtume ametuonya kwamba chakula kibaya kuliko vyote ni cha walima ambao matajiri huitwa na maskini wakaachwa. Jirani asiye na suti ana haki katika sinia lako.

Na wewe bwana harusi, ukitaka kufanya tendo moja la kuonyesha umoja wenu, sunna imekwisha kukuwekea. Unapoingia kwa mkeo, weka mkono wako juu ya utosi wake wa mbele, mtaje Mwenyezi Mungu, umwombe heri yake na heri ya maumbile yake. Tendo hilo halihitaji mpiga picha. Wageni nao wamefundishwa la kusema. Aqil bin Abi Talib (R.A.) alipooa, watu walimpongeza kwa maneno ya zama za ujahili ya kumtakia mapatano na watoto wa kiume. Akawaambia wayaache, na waseme kama alivyosema Mtume: kuwaombea maarusi baraka. Na katika dua mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) kwa mwenye kuoa tunamwomba Mwenyezi Mungu awakusanye wawili hao katika heri. Umoja tuliokuwa tukiutafuta katika mshumaa umo ndani ya dua hiyo, nasi tumeombwa tuutafute kwa Yule awezaye kuutoa.

Zile familia mbili nilizoanza nazo zilikuja kupatana. Alifariki bibi mmoja mzee, mwenye damu ya pande zote mbili, na mazikoni ami yule na baba wa bwana harusi wakajikuta wako chini ya jeneza moja, bega kwa bega. Waliporudi walikula pamoja. Maarusi wao wana mtoto sasa. Nami namwomba Mola wetu kwamba binti huyo atakapokua na siku yake ikafika, awepo mtu wa kumuuliza, na wawepo mashahidi wa kumsikia.

Ewe Mola wetu, zibariki nyumba za Waislamu, tia mapenzi na huruma baina ya waume na wake, wape wenye haki haki zao, na utusamehe sisi tuliotia sahihi bila ya kusikia. Amin. Wabillahi tawfiq.